Nguvu za Kazi na Mbio Hutoka Wapi?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya nguvu za mwili: zatoka wapi, zatumikaje, na kwa nini hutuishia. Jambo hili lamhusu kila mtu. Mkulima wa pamba, mchimbaji anayepandisha kiroba cha mawe kutoka katika duara, mama anayebeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, na mwanafunzi anayeshindana mbio, wote hutumia nguvu za namna moja, nazo hutengenezwa mwilini kwa njia zile zile.

Hapa Kalangalala, na katika vijiji vingi vya Geita na Shinyanga, husikika maneno haya: mtu akifanya kazi ngumu, mwili wake hutoa sumu, sumu hiyo hukaa katika misuli siku nyingi, nayo ndiyo inayomwumiza na kumchosha. Wala si wanakijiji peke yao waliosema hivyo. Vitabu vingi vya shule vilifundisha kwamba asidi ya maziwa ni taka ya misuli, kitu kibaya cha kutupwa. Fikira hii ina hasara zake. Kijana anayeamini kwamba uchovu ni sumu tu hununua vidonge vya kuzuia maumivu ili aendelee kuchimba, wakati mwili wake wataka chakula, maji, na kupumzika. Basi nataka tuitazame habari hii tangu mwanzo, ili tuone kwamba kile kilichoitwa sumu ni chakula ambacho hakijamaliza safari yake.

Chakula huwa sukari

Ugali wa mahindi, uji wa mtama, mihogo, wali, viazi vitamu, na viazi vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, vyote vina wanga mwingi. Wanga ni sukari iliyofungwa pamoja kama shanga katika uzi. Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili mwenyewe. Tia tonge dogo la ugali mtupu kinywani, ulitafune polepole kwa muda wa dakika mbili bila kumeza. Mara utaonja utamu kidogo, kwa maana mate yameanza kukata uzi ule na kuzitoa shanga. Kazi hiyo humalizika katika utumbo, na sukari iliyo ndogo kabisa, iitwayo glukosi, huingia katika damu.

Sukari iliyomo katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya ni kidogo sana, yapata gramu 4 au 5 tu, kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Kama tungeitegemea hiyo peke yake, mtu angeanguka kabla ya kumaliza tuta moja. Kwa sababu hiyo mwili una ghala mbili. Ghala ya kwanza ni ini, ambalo laweza kuweka gramu 100 hivi za sukari. Ya pili ni misuli yenyewe, ambayo kwa mtu mzima aliyekula vizuri huweka yapata gramu 400. Sukari hiyo ya ghalani hufungwa tena pamoja kama shanga, nayo huitwa glikojeni.

Angalieni sana tofauti ya ghala hizi mbili. Ghala ya ini ni kama kihenge cha kijiji kizima. Sukari ya damu inapopungua, ini hufungua mlango na kutoa sukari kwa ajili ya viungo vyote, na kwanza kabisa kwa ajili ya ubongo, ambao hutumia kama gramu 120 za glukosi kila siku, hata mtu akiwa amelala. Ghala ya misuli ni kama kihenge cha mtu binafsi, tena kimefungwa kwa kufuli. Msuli hauna ufunguo wa kutoa glukosi yake na kuirudisha katika damu. Hata hivyo, tutaona hivi punde kwamba uko mlango mwingine wa nyuma ambao kwa huo msuli huweza kumkopesha jirani yake.

Njia mbili za kuitumia sukari

Kila msuli unapojikunja hulipa gharama, na fedha yake ni kitu kiitwacho adenosini trifosfati. Jina ni refu, basi tukiite senti za mwili. Senti zilizo tayari mfukoni mwa msuli zatosha sekunde chache tu. Iko pia akiba ndogo ya haraka ambayo yaweza kuzirudisha senti hizo kwa muda wa sekunde 10 hivi. Hiyo ndiyo nguvu unayoitumia ukimwona nyoka miguuni pako ukaruka, au ukimkimbilia mbuzi anayeingia katika shamba la jirani. Baada ya hapo, ni lazima senti nyingine zipatikane, nazo hupatikana kwa kuivunja sukari.

Sukari huvunjwa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza glukosi moja hupasuliwa vipande viwili. Kazi hii ni ya upesi sana, wala haihitaji hewa. Lakini faida yake ni ndogo: glukosi moja huleta senti 2 tu. Katika hatua ya pili vile vipande huingia katika tanuru ndogo sana zilizomo ndani ya msuli, ziitwazo mitokondria, vikachomwa kabisa kwa oksijeni tuliyoivuta katika hewa, hata vikawa maji na hewa ya kaboni tunayoitoa puani. Faida ya hatua zote mbili pamoja ni senti 30 hivi kwa kila glukosi moja. Faida ni kubwa, lakini kazi yake ni ya polepole, kwa kuwa hutegemea mapafu, moyo, damu, na wingi wa tanuru.

Sasa fikirini mtu anayepanda mlima mbio. Msuli wake wataka senti upesi, basi huipasua sukari kwa kasi kubwa. Vipande huwa vingi kuliko vile tanuru ziwezavyo kupokea. Je, vikirundikana mlangoni itakuwaje? Kazi ya kupasua ingesimama, kwa maana vyombo vya kupasulia vingejaa. Hapo msuli huvigeuza vile vipande kuwa kitu kingine kiitwacho laktati, na kwa kufanya hivyo vyombo huwa vitupu tena, na kupasua kwaendelea. Laktati hii ndiyo ndugu wa ile asidi ya maziwa iliyoitwa sumu.

Makaa na majivu

Nitawapa mfano ambao kila mtu wa nchi hii aujua. Ukichoma kuni mahali pa wazi, zikapata hewa ya kutosha, huteketea zote na kuwa majivu. Majivu hayana moto tena. Lakini mchoma makaa huzipanga kuni zake, akazifunika kwa majani na udongo ili zipate hewa kidogo. Anapofukua hakuti majivu, bali makaa, na makaa yana moto mwingi ndani yake. Hapo huyatia katika magunia, akayapakia juu ya baiskeli, akayapeleka mjini, na mama wa mjini huyachoma jikoni mwake mpaka yakawa majivu. Wazee wa Kirongo, waliokuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika nchi ya Uzinza, waliijua sana thamani ya makaa. Kwa makaa na mivukuto walipata joto la kutoa chuma katika mawe.

Basi laktati ni makaa ya mwili. Ni sukari iliyopasuliwa nusu, na sehemu kubwa ya nguvu yake imo ndani bado. Taka ya kweli ni ile hewa ya kaboni na maji, maana hizo haziwezi kuchomwa tena.

Lakini kila mfano una mpaka wake. Mchoma makaa hupata makaa kwa sababu amezuia hewa. Misuli hutengeneza laktati hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha, mradi tu sukari yapasuliwa kwa haraka. Hata mtu aliyeketi kivulini anasuka ukili hutengeneza laktati kidogo kidogo wakati wote, kwa maana chembe nyekundu za damu hazina tanuru kabisa, nazo huishi kwa kupasua sukari tu. Kwa hiyo damu ya mtu aliyepumzika haikosi laktati. Mtu akikimbia kwa nguvu zake zote, laktati ya damu huweza kuongezeka mara 10 na zaidi.

Makaa hayo huenda wapi?

Kumbukeni mlango wa nyuma niliousema. Msuli hauwezi kutoa glukosi yake, lakini waweza kutoa laktati, nayo huingia katika damu na kusafiri. Njia zake ni nyingi; nitataja zile kubwa.

Njia ya kwanza ni fupi kabisa. Misuli yetu ina nyuzi za namna mbili: nyuzi za mbio, ambazo hufanya kazi upesi na kuchoka upesi, na nyuzi za subira, ambazo zina tanuru nyingi na hudumu kwa muda mrefu. Nyuzi za mbio hutengeneza laktati nyingi. Nyuzi za subira zilizo jirani huipokea na kuichoma kwa oksijeni. Yaani, katika mguu mmoja kuna anayechoma makaa na kuna anayeyanunua.

Njia ya pili ni ya moyoni. Moyo ni msuli usiolala, nao una tanuru nyingi sana. Wakati wa kazi ngumu moyo huipenda laktati, huivuta kutoka katika damu, na kuichoma ipate kuupa nguvu za kupiga. Kile kilichoitwa sumu ndicho kinachoulisha moyo wa mtu anayekimbia. Ubongo nao huweza kuitumia.

Njia ya tatu ni ya ini. Ini huichukua laktati, likaunganisha vipande viwili viwili, na kuvirudisha kuwa glukosi mpya. Kazi hii ina gharama, kwa maana ini hutumia senti 6 ili kupata tena glukosi iliyoleta senti 2. Lakini ini hulipa kwa nguvu lizipatazo zaidi katika mafuta ya mwili, kisha glukosi ile hurudi katika damu kwa ajili ya ubongo na misuli. Hivyo ndivyo hata kihenge cha msuli kilichofungwa kinavyoweza kusaidia viungo vingine wakati wa shida.

Jinsi wataalamu walivyojua mambo haya

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1780 mtaalamu wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata asidi hiyo katika maziwa yaliyochacha, ndipo ikaitwa asidi ya maziwa. Wafugaji wa Usukuma waujua ukali wake katika maziwa ya mgando. Vijidudu vidogo hupasua sukari ya maziwa kwa njia inayofanana na ile ya misuli yetu. Mwaka 1907 Fletcher na Hopkins wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba msuli wa chura ukifanyishwa kazi pasipo oksijeni hujaa asidi hiyo, na ukipewa oksijeni asidi hupungua. Hill wa Uingereza na Meyerhof wa Ujerumani walitunukiwa pamoja Nishani ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya misuli. Mwaka 1947 Carl Cori na mkewe Gerty Cori walipewa nishani hiyo kwa elimu ya glikojeni. Na ile safari ya laktati kutoka msulini hadi inini, na ya glukosi kurudi, huitwa kwa jina lao hata leo.

Katika miaka hiyo yote wengi waliona kwamba asidi huonekana pale uchovu unapoonekana, wakakata shauri kwamba hiyo ndiyo mama wa uchovu. Lakini vitu viwili kuonekana pamoja si hoja ya kutosha. Wazima moto huonekana mahali penye nyumba inayoungua, wala hatusemi kwamba wao ndio walioichoma. Tangu miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, pamoja na wataalamu wengine, waliifuata laktati ndani ya mwili hatua kwa hatua, wakaonyesha kwamba huchukuliwa kutoka kiungo hadi kiungo na kutumiwa kama chakula.

Hata hivyo, msinielewe vibaya. Ule moto unaosikika mapajani mtu anapokimbia sana ni wa kweli. Msuli unapotumia senti upesi kupita kiasi, ukali huongezeka ndani yake, chumvi hutoka mahali pake, na mabaki ya senti zilizotumika huzidi. Hayo yote huuzuia msuli usijikunje vizuri, na ubongo nao hutoa amri ya kupunguza mwendo. Laktati ipo pale pale, lakini haifai kubebeshwa lawama yote.

Somo la mbio za Filbert Bayi

Tutazame mfano wa Mtanzania mwenzetu. Tarehe 2 Februari 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500. Desturi ya wakimbiaji wengi wa mbio hizo ilikuwa kwenda pamoja kwa kuviziana, kisha kuchomoka karibu na mwisho. Bayi alitangulia tangu mwanzo, akakimbia mbele peke yake mpaka mwisho. Aliwashinda John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya, na saa zikaonyesha dakika 3 na sekunde 32 na kitu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia mwendo huo upesi hivyo.

Mbio za mita 1,500 hutaka hatua zote mbili za kuitumia sukari. Sehemu kubwa ya nguvu hutoka katika tanuru za oksijeni, na sehemu iliyobaki hutoka katika kupasua kwa haraka, kunakoleta laktati nyingi. Mkimbiaji anayetangulia kwa kasi hana budi kuwa na tanuru nyingi, mishipa mingi midogo ya damu, na njia pana za kupeleka laktati mahali pa kuchomwa. Vitu hivyo huongezeka kwa mazoezi. Mtu asiyezoea na mtu aliyezoea wakikimbia mwendo mmoja, yule asiyezoea hujaza damu yake laktati, na yule mwingine huitumia yake kadiri inavyotengenezwa.

Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, Bayi aliingia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia tena, akaacha nafasi kubwa nyuma yake. Lakini katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita, na Bayi akapata medali ya fedha. Heshima yake haikupungua. Medali ya Olimpiki ni jambo kubwa kwa nchi yo yote. Lakini ye yote anayetaka kujifunza na aziweke mbio hizi mbili pamoja. Umbali ukiongezeka mara mbili, gharama ya kuanza kwa kasi huongezeka pia, na deni hudaiwa mwishoni.

Mwendo wa jembe na kipimo cha maneno

Wazee wa Usukuma walikuwa na hekima hii kabla ya elimu ya maabara. Katika bugobogobo, ngoma ya jembe, walimaji hujipanga mstari, na majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Kijana mwenye pupa hawezi kuwatangulia wenzake akachoka kabla ya jua kupanda, wala mvivu hawezi kubaki nyuma. Ngoma huwashika wote katika mwendo ambao mwili huweza kuudumisha, maana makaa huchomwa kadiri yanavyotengenezwa.

Asiye na ngoma anacho kipimo kingine, nacho hakigharimu senti moja. Unapofanya kazi, sema maneno ya sentensi nzima. Ukiweza kuyasema bila kukatika pumzi, tanuru zako zatosha kazi hiyo, nawe waweza kuendelea kwa muda mrefu. Ukiweza kutamka neno moja moja tu huku unahema, umeupita mpaka: laktati yaongezeka kuliko inavyotumika, ukali waongezeka, na baada ya dakika chache utalazimika kusimama. Kwa kazi ya siku nzima, kaa ndani ya mpaka. Kwa mbio fupi, waweza kuuvuka kwa kusudi.

Wanafunzi, fanyeni jaribio lingine. Inua mkono mmoja juu kabisa, na mwingine uuache uning'inie chini. Kisha fumba na kufumbua viganja vyote viwili upesi upesi. Mkono ulioinuliwa utachoka kwanza, kwa sababu damu haiufikii vizuri. Misuli ni sawa na kazi ni sawa, lakini oksijeni inayofika si sawa. Ndiyo sababu ya kukataa kuteremka katika duara lisilo na hewa nzuri. Mchimbaji anayehema na kulegea mle ndani anahitaji kutolewa, wala mwenzake asimfuate chini mpaka hewa imepelekwa kwanza, wasije wakafa wote wawili.

Mbio zikiisha, usijitupe chini papo hapo. Tembea polepole kwa dakika kumi hivi. Misuli inayotembea huendelea kuichoma laktati, nayo huondoka upesi kuliko kwa mtu aliyelala. Kwa vyo vyote vile, baada ya saa moja hivi damu huwa imerudi katika hali yake ya kawaida.

Kwa hiyo yale maumivu ya kesho yake na kesho kutwa hayawezi kuwa ya laktati, maana yenyewe imekwisha kuondoka. Hutokana na michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli, hasa baada ya kazi isiyozoelekea au kuteremka mlima, nayo hupona kwa siku chache. Lakini mtu aliyefanya kazi kupita kiasi akiona misuli imevimba na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, asingoje. Aende hospitali siku ile ile, kwa sababu figo zaweza kuharibika.

Sukari inapokwisha

Uchovu wa mbio fupi na uchovu wa kazi ndefu si ndugu wa baba mmoja. Katika kazi ndefu, laktati huweza kuwa kidogo, na mtu akaanguka kwa sababu ghala ni tupu. Wakimbiaji wa kilomita 42, kama Juma Ikangaa wa Tanzania aliyeshinda mjini New York mwaka 1989 kwa saa 2 na dakika 8, hutumia karibu akiba yao yote ya wanga. Mafuta ya mwili ni mengi, lakini huungua polepole, hayatoshi mwendo wa kasi. Ghala ikikauka, miguu huwa kama ya jiwe, na ubongo ukikosa sukari mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, na maneno hayaeleweki.

Kwa hiyo mtoto anayepelekwa shuleni bila uji, akatembea maili kadhaa, kisha akatiwa katika mashindano ya mbio, hushindana akiwa na ghala nusu. Usiku kucha ubongo wake umekuwa ukila sukari ya ini. Walimu na wazazi, kabla ya kumwita mtoto huyo mvivu, tuulize alikula nini. Bakuli la uji, kiazi, au matobolwa machache asubuhi ni sehemu ya masomo yake.

Jambo la mwisho ni la watu wenye ugonjwa wa kisukari. Kwa kawaida sukari huhitaji insulini ili iingie katika misuli. Lakini msuli unapofanya kazi hufungua milango yake wenyewe, na kuivuta sukari bila kungoja insulini. Hii ni baraka kubwa, na ndiyo maana waganga wa hospitali huwashauri wenye kisukari watembee na kufanya kazi za mwili. Lakini yule anayechoma sindano ya insulini, au anayemeza baadhi ya dawa za kushusha sukari, yampasa kuwa na hadhari, kwa sababu dawa na kazi zikivuta pamoja sukari yaweza kushuka mno. Na amwulize mganga wake, achukue kitu kitamu mfukoni anapokwenda shambani, na awaambie wenzake. Mkimwona mtu wa namna hiyo anatetemeka, anatoka jasho, na anasema ovyo, msimcheke mkidhani amelewa. Kama aweza kumeza, mpeni upesi maji ya sukari, soda yenye sukari, au asali. Kama hana fahamu, msimtie kitu kinywani. Mlazeni kwa ubavu na mmkimbize hospitali.

Basi, mabwana na mabibi, shikeni mambo haya manne. Kuleni wanga kabla ya kazi ndefu. Fanyeni kazi kwa mwendo unaowaruhusu kusema. Msinunue vidonge ili kuyanyamazisha maumivu ambayo mwili unayatumia kuomba kupumzika. Na mjueni mwenzenu mwenye kisukari, ili siku atakapolegea mjue la kufanya.